Samaki Wako Hawaumwi, Wanasikia Baridi

Kipupwe kikishaingia, simu yangu haina swali jingine. Makete, Njombe, Mufindi, Rungwe, kote wafugaji wanauliza lile lile: "Mtaalamu, samaki wangu wamesusa chakula, niwawekee dawa gani?" Nami huwauliza: alfajiri maji yako yana nyuzi ngapi? Karibu kila mara naambiwa kipimajoto hakipo. Mtu amechimba bwawa, amenunua vifaranga, amejaza stoo mifuko ya chakula, lakini kifaa cha bei ndogo kuliko mfuko mmoja wa chakula hicho hana, na ndicho kingemjibu.

Sato anayesusa chakula mwezi Juni si mgonjwa. Hukua vizuri maji yakiwa na nyuzi 26 hadi 30. Yakishuka chini ya 20 anadonoa tu, yakikaribia 16 anaacha kabisa, maana mwili wake hauna namna ya kujipasha joto na tumbo halisagi tena alichomeza. Yakifika 12 na kuzidi kushuka, hapo ndipo vifo huanza. Sasa chukua bwawa la kina cha magoti lililochimbwa kwenye kinyungu, bondeni kabisa, mahali ambapo baridi ya usiku huteremka na kutuama, na mfereji wa mlimani unaingiza maji usiku kucha. Ukikuta nyuzi 14 alfajiri ya Julai, unamdai samaki ale kwa lipi?

Lakini mfugaji hapimi. Anakwenda duka la dawa za mifugo, anarudi na unga wa njano wa oksitetrasaiklini, ule ule wa kuku, anaukoroga ndani ya ndoo na kuumwaga bwawani. Wiki mbili baadaye samaki wanapanda juu kula, na kijiji kizima kinaambiwa kwamba unga umeponya. Nimeshashauri dhidi ya unga huu kwenye semina, mabwawani na kwenye simu, na bado unamwagwa. Kwa hiyo leo nitasema yote.

Kwanza, hiyo ni dawa ya kuzuia bakteria. Baridi si bakteria. Hakuna kiasi cha unga kitakachopandisha maji hata nusu nyuzi.

Pili, hata kama samaki wangekuwa na ugonjwa wa bakteria kweli, piga hesabu. Bwawa la mita 10 kwa 15 lenye kina cha mita 1 lina maji lita 150,000. Ukitaka miligramu 10 tu za dawa katika kila lita, unahitaji kilo 1 na nusu ya dawa halisi. Pakiti ya gramu 100 yenye asilimia 20 ya dawa inakupa gramu 20. Hizo ni pakiti 75 kwa bwawa moja, na wewe umemwaga moja. Tena hata hiyo moja haikai salama: chokaa na magnesiamu zilizomo majini huikamata, na jua huivunjavunja. Kinachobaki ni kidogo mno kutibu, lakini kinatosha kuwazoesha bakteria dawa ile ile ambayo kesho utaihitaji kwa ng'ombe wako au kwako mwenyewe. Hilo linanikera kuliko pesa uliyopoteza.

Tatu, njia inayofaa ya kumpa samaki wa bwawani dawa hii ni kuichanganya kwenye chakula, kwa maelekezo ya daktari wa mifugo. Samaki wako hawali! Utawalishaje dawa kupitia chakula wanachokikataa? Na wakiila kidogo, kwenye maji baridi dawa hukaa mwilini muda mrefu kuliko kwenye maji ya joto, kwa hiyo anayevua wiki inayofuata anauza mabaki ya dawa sokoni.

Nne, na hapa ndipo watu wanaponibishia: "Lakini walikula." Ndiyo, walikula, kwa sababu umemwaga unga mwishoni mwa Julai, na katikati ya Agosti jua limeanza kukaza. Nenda kwa jirani ambaye hakumwaga chochote, mwenye bwawa la kina kama lako. Wa kwake nao wamerudi kula siku hizo hizo. Kila ninapowapeleka wabishi kutazama bwawa la pili, mjadala unakwisha pale pale ukingoni.

Kuna ugonjwa mmoja ambao baridi huuleta kweli, na wenyewe unaonekana kwa macho: nyuzinyuzi nyeupe kama pamba zinaota juu ya ngozi na mapezi, hasa pale magamba yalipochubuka. Ni ukungu wa majini. Oksitetrasaiklini haiugusi hata kidogo. Unaletwa na kokoro, ndoo na mikono, yaani mfugaji aliyewavua samaki kuwapima au kuwahamisha maji yakiwa baridi. Kipupwe si msimu wa kuhamisha samaki. Waache.

Na tafadhali, tazama kona ya bwawa upande unakoelekea upepo. Utaona vidonge vya chakula cha jana vimevimba, vimepauka, vimeshikana na povu. Hicho ndicho kinachoua wengi kuliko baridi yenyewe: samaki wamesusa, mwenye bwawa anaongeza chakula akidhani wamekonda, chakula kinazama na kuoza, kinakula oksijeni usiku na kuacha amonia. Asubuhi samaki wanahema juu, midomo nje, na simu yangu inaita tena.

La kufanya ni hili. Pima maji alfajiri na saa tisa alasiri, uandike. Yakiwa kati ya 18 na 22, lisha mara moja kwa siku, kuanzia saa nane mchana, kisichozidi asilimia 1 ya uzito wa samaki, na kilichobaki baada ya robo saa kiopoe. Chini ya 18 usilishe, hawatakufa njaa. Funga mfereji, ingiza maji mchana tu, ya kufidia yaliyovuja. Chimba hadi mita 1 na nusu, ili samaki wapate tabaka la chini lisiloyumba kila usiku. Punguza miti upande wa kaskazini, ambako jua huelekea Juni na Julai kwetu huku, na panda matete upande wa kusini-mashariki, upepo unakotoka. Bwawa dogo la vifaranga liezekwe nailoni kwa fremu ya mianzi, ukiacha pembeni pa kupitisha hewa. Mbolea ya samadi usiongeze. Panga msimu wako: pandikiza Septemba, vuna Mei, au ukubali kwamba sato wa nyanda za juu atachukua karibu mwaka. Kambale anavumilia zaidi kidogo, ila naye hatakua. Mwenye mto baridi, safi, unaotiririka mwaka mzima afikirie trauti, kama wanavyofanya Wakenya chini ya Mlima Kenya, lakini ajue chakula chake ni ghali.

Ukishapima ukakuta maji yako juu ya nyuzi 22 na samaki bado hawali, au wana vidonda, au macho yamevimba, hapo nipigie saa hiyo hiyo, au mwite afisa uvuvi wa wilaya. Usimwage kitu. Tuletee samaki mmoja anayelegea akiwa bado hai, ndani ya ndoo ya maji ya bwawa lile lile, pamoja na karatasi uliyoandikia nyuzi za joto. Aliyekufa tangu jana ameshaoza matamvua, na hatuwezi tena kusoma chochote humo.