Kabla ya kukataa ghorofa, tupime shamba

Sehemu kubwa ya ujana wangu niliimalizia kwenye kazi ya upimaji, pembezoni mwa mji wa Dodoma. Cheti sikuwa nacho, nilikuwa kibarua. Nafyeka mstari kwa panga ili mpima aone mbele, navuta mnyororo, nachanganya saruji ya bikoni, nazibeba mabegani hadi zinapotakiwa. Kwa hiyo watu wa mtaani kwetu Zuzu wanapoanza kusema hawataki maghorofa ya bei nafuu, mimi kichwani naanza na mita.

Kwa viwango vya mipangomiji vya Tanzania, kiwanja cha makazi cha ujazo mkubwa kina mita za mraba kama 300 hadi 600. Cha ujazo wa kati kinafika 1,200, na cha ujazo mdogo kinaweza kufika 2,500. Sasa nenda Magomeni Kota, Dar es Salaam, ambako kaya 644 zimepangiwa majengo matano. Zipe kaya hizo hizo kiwanja cha mita 600 kila moja, kisha theluthi ya eneo lote iwe ya barabara, shule na maeneo ya wazi: utahitaji hekta 58, yaani zaidi ya ekari 140. Ekari 140 upande wetu huu ni uwele na mtama wa ukoo mzima, pamoja na malisho na mibuyu iliyokuwepo kabla ya babu zetu.

Asiyepajua Zuzu namwelekeza kwa reli. Kwa treni ya zamani ukitoka Dodoma kwenda Kigwe na Bahi, sisi ndio tuliopo kati. Siku hizi watu wanatujua zaidi kwa kituo kikubwa cha kupoza umeme, na nguzo zake zinaonekana mbali kuliko nyumba yoyote. Palikuwa kijijini, sasa ni kata ya jiji. Sensa ya 2012 iliikuta Dodoma Mjini na watu 410,956, na ile ya 2022 ikakuta 765,179. Julai 2024 treni ya umeme ikaanza kuleta abiria kutoka Dar es Salaam. Watu wote hao wanalala mahali fulani.

Jirani yangu mmoja ni mtumishi wa serikali aliyehamia na wizara yake. Ana uzio wa tofali na kibustani cha maua ambacho mke wake anakimwagilia hata wiki ambazo bomba halitoi. Uvumi wa maghorofa ulipoanza kuzunguka alinijia na barua aliyoichapa, akitaka wazee tutie sahihi tukatae mapema, kabla mradi wowote haujatangazwa. "Shikamoo mzee. Hapa patakuwa uswahilini, mzee wangu. Wizi, majitaka, kelele usiku kucha." Nikamwambia aniachie karatasi niisome. Kiwanja chake nakifahamu tangu kilipokuwa shamba la karanga la shangazi yangu.

Jambo hilo la mashamba kugeuka viwanja barua yake haikuligusa. Sisi tunaotaka mji wa nyumba za chini zenye nafasi ndio tunaomeza mashamba kwa kasi kubwa. Ghorofa unaliona kwa macho kwa hiyo unalikasirikia. Viwanja 40 vinavyokatwa kimya kimya kwenye shamba la mama mjane havimkasirishi mtu, maana kila kimoja kina mnunuzi mwenye furaha.

Dodoma haikutawanyika kwa bahati mbaya. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanyika 1973, na mwaka huo huo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile CDA iliyovunjwa na Rais Magufuli Mei 2017. Mpango mkuu wa kwanza, wa 1976, ulichorwa na kampuni ya Kanada, Project Planning Associates, na ulikusudia mji usio wa majengo marefu, wenye vitongoji vilivyoachana kwa mabonde na kijani, ulioshabihiana na siasa ya Ujamaa. Naupenda mpango ule. Lakini mji wa namna ile unakula ardhi sana, na ardhi yenyewe ilikuwa na wenyewe.

Sisi Wagogo, wenyeji wa hapa, kuhamishwa hatukuanzia mjini. Nilikuwa mtoto ilipofika Operesheni Dodoma, mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu walipokusanywa kwenye vijiji vya Ujamaa. Nakumbuka baba akishusha miti ya tembe letu mmoja mmoja, kwa kuwa miti mizuri ilikuwa adimu. Tembe, kwa msomaji wa pwani, ni nyumba ya udongo yenye paa bapa la udongo pia, fupi, inayozunguka ua ambamo ng'ombe hulala. Ukoo mzima ulikaa humo, na nikifikiri vizuri, watu walibanana kuliko katika nyumba nyingi za jirani zangu wa leo.

Kwa hiyo mzee wa hapa anapokataa ghorofa, jirani yangu asidhani kwamba yeye na mzee huyo wanakataa kitu kimoja. Mtumishi anahofia atakaowapata kama majirani. Mzee anahofia kwamba yeye mwenyewe hatakuwa jirani wa mtu yeyote tena.

Hofu hiyo ya pili ina ushahidi. Kigamboni, ng'ambo ya bandari ya Dar es Salaam, mpango wa mji mpya ulitangazwa 2008 na wakazi wakazuiwa kuendeleza maeneo yao. Miaka ikapita bila fidia na bila mji, huku mtu akiogopa hata kuongeza chumba. Nairobi nako, Kenya ilipopitisha sheria ya nyumba za bei nafuu Machi 2024 na kukata asilimia 1.5 ya mshahara ili zijengwe, swali la wapangaji wa mitaa ya zamani kama Makongeni, iliyojengewa wafanyakazi wa reli, lilikuwa lile lile: tukitoka tutarudi? Wakazi wa Kileleshwa na Kilimani, wenye uwezo, wao wamekuwa wakilalamikia minara inayoota juu ya mabomba ya majitaka ya enzi za nyumba moja moja. Hoja yao ni ya kweli, ingawa wanaisema kutoka mahali pazuri sana.

Magomeni Kota ndiyo inayonifundisha zaidi. Wakazi walitolewa, nyumba zao zikabomolewa, eneo likabaki wazi kwa miaka. Oktoba 2016 Rais Magufuli alifika pale na kuahidi kwamba wao watakuwa wa kwanza kuingia na wangekaa bure miaka mitano. Majengo yalizinduliwa na Rais Samia Machi 2022. Walirudi, na mazungumzo yakahamia kwenye bei na utaratibu wa mpangaji mnunuzi. Kilichowaokoa ni kwamba walijulikana kwa idadi, kaya 644. Wangekuwa "wananchi wa eneo husika" tu, sijui nani angewatafuta.

Kwa mtu wa Zuzu mwenye shamba, kinga iko kwenye sheria, ila lazima aijue kabla mthamini hajafika. Sheria za ardhi za 1999 zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe mapema. Haiishii kwenye ardhi na mazao: kuna posho ya usumbufu, ya usafiri na ya makazi, na hasara ya faida. Sheria ya uthamini ya 2016 inaongeza kwamba fidia ikichelewa zaidi ya miezi sita inadaiwa riba, na ikipita miaka miwili bila kulipwa uthamini wenyewe unakufa, unafanywa upya. Nimeona wazee wakisaini fomu wakidhani ni ya mahudhurio.

Nikarudi kwa jirani na karatasi yake. Sikutia sahihi. Nilimwandikia nyuma, kwa kalamu, mambo ambayo ningesaini: wenye mashamba wahesabiwe kwa majina na wawe na haki ya kwanza ya nyumba, ghorofa zisizidi tatu au nne, maana lifti ikiharibika bibi hapandi, na maji yapatikane kabla ya tofali la kwanza. La maji ndilo alilokubali mara moja. Dodoma mvua hunyesha msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na visima vya Mzakwe vimebeba mji huu miaka mingi huku mji ukiongezeka na sisi tukipata maji kwa zamu. Michenzani, Unguja, majengo marefu yale ya msaada wa Ujerumani Mashariki yaliwafundisha watu kupandisha ndoo kwa ngazi. Hilo la majina alisema litachelewesha mambo. Nikamjibu kwamba hilo ndilo kusudi lake.

Wakati tunabishana, mama anayepanga chumba uani kwangu alikuwa anakanda unga wa chapati za asubuhi. Anauza karibu na stendi. Nyumba za bei nafuu, zikija, ni za watu kama yeye, na kwenye mkutano wa mtaa haendi kwa sababu kila mtu, mimi nikiwemo, tunasema "wakazi" tukimaanisha wenye viwanja. Jirani yangu, kwa adabu, akamwuliza naye anaonaje.

"Kodi shilingi ngapi kwa mwezi, baba? Maana hapa kwa babu nalipa ya miezi sita kwa mkupuo. Na huko juu wataniruhusu kuwasha mkaa?"

Jirani alinitazama mimi. Barua haikuwa na jibu la lolote kati ya hayo, na yangu ya kalamu pia haikuwa nalo. Tumekubaliana kuiandika upya, na safari hii mama huyo ndiye atakayetutajia maswali.