Mshale wa dizeli unapogombanisha tajiri na dereva

Lori limejaza dizeli Morogoro. Linapofika Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, mshale wa mafuta uko chini kidogo ya robo. Usiku mzima linasogea kidogo kidogo kwenye foleni, injini ikiunguruma. Asubuhi taa ya onyo inawaka. Dereva anapiga simu kuomba fedha ya mafuta, na tajiri aliye Kariakoo anauliza swali moja: mafuta yamekwenda wapi?

Swali hilo huwafukuzisha madereva kazi, huku mwenye mzigo wa kwenda Lubumbashi akihesabu siku. Wizi wa mafuta upo, hakuna anayeukataa. Lakini mara nyingi shahidi pekee katika kesi hiyo ni mshale, na mshale haukutengenezwa kuhesabu lita.

Ndani ya tenki kuna boya lililofungwa kwenye mkono mwembamba. Dizeli ikipungua boya hushuka, umeme unaokwenda kwenye dashibodi hubadilika, na mshale husogea. Kinachopimwa ni kimo cha mafuta pale boya lilipo. Lori likipanda mlima kama Kitonga, mkoani Iringa, dizeli huegemea nyuma ya tenki na mshale unaweza kupanda au kushuka bila tone kupotea. Kwa baadhi ya malori yenye matenki mawili, boya liko kwenye tenki moja tu. Bomba linaloyaunganisha likiziba, mshale hueleza habari za upande mmoja.

Hesabu yenyewe si ndogo. Kwa tenki la lita 400, moja ya nane ni lita 50. Semi treila yenye mzigo mzito huenda takriban kilomita 2 hadi 3 kwa lita. Mshale ukikosea kwa nusu tu ya alama hiyo, hizo ni lita 25, yaani safari ya kilomita 50 hadi 75. Na injini inayonguruma kwenye foleni hunywa takriban lita 2 hadi 3 kwa saa. Saa 10 za foleni humaliza lita 20 hadi 30, na kilomita hazijaongezeka.

Taa ya onyo nayo si mkombozi. Katika magari mengi hupata habari kutoka kwa boya lile lile, hivyo boya likidanganya, taa nayo hudanganya. Tena si kila lita iliyobaki inatumika, kwa kuwa bomba la kunyonya halifiki chini kabisa, mahali maji na uchafu hutuama.

Anayesubiri hadi tone la mwisho hulipa zaidi. Injini ya dizeli ikiishiwa mafuta huvuta upepo, na kuongeza mafuta peke yake huenda kusitoshe. Lazima upepo utolewe kwa pampu ya mkono, mara nyingine kwa kumwita fundi porini. Kwa injini za kisasa, dizeli ndiyo pia inayolainisha pampu ya shinikizo kubwa. Pampu ikizunguka kavu husagika, na vipande vya chuma vinaweza kufika kwenye nozeli. Gharama hiyo humeza faida ya safari.

Dawa ni rahisi. Jaza tenki hadi juu, andika kilomita, kisha mwisho wa safari jaza tena hadi juu. Lita zilizoingia mara ya pili ndizo zilizotumika, mshale useme usemavyo. Gawanya kilomita kwa lita hizo, rudia safari tatu, na saa za foleni ziandikwe pembeni. Kijiti kilichotiwa alama kila baada ya lita 50, lori likiwa mahali tambarare, humaliza ubishi njiani.

Tajiri na dereva wakikubaliana kipimo hicho kabla ya kung'oa nanga, simu ya kutoka Tunduma itakuwa ya hesabu, si ya tuhuma.