Waislamu wa Zamani wa Mji wa Salvador



Safari hii tunawapelekeni Salvador, mji wa bandari ulioko Bahia, nchini Brazil. Wareno waliuasisi mwaka 1549, ukawa makao makuu ya koloni lao hadi 1763. Bandari iko chini, mji mkongwe uko juu ya mwinuko. Mgeni hupanda kwa lifti ya mita 72 iliyofunguliwa 1873. Wengi huja kutazama makanisa. Sisi tunaomba msimame kidogo hapo hapo mnapotoka kwenye lifti.

Karibu yenu lipo jengo la baraza la mji. Chini yake palikuwa na jela, na mwanzoni mwa 1835 alikuwa amefungwa humo mzee wa Kiafrika, Pacífico Licutan. Hakuwa na kosa. Bwana wake alidaiwa, basi mtumwa akakamatwa kama mali ya kunadiwa. Lakini mzee huyu alikuwa mwalimu wa dini. Mara mbili Waislamu wenziwe walichanga fedha wamkomboe, bwana akakataa.

Waislamu hao, wengi wao Wayoruba na Wahausa, waliitwa Malê. Walisomeshana baada ya kazi, wakiandika kwenye mbao na karatasi. (Karatasi nyingine walizikunja wakazivaa kama hirizi, jambo ambalo masheikh wana maneno yao.)

Usiku wa kuamkia 25 Januari 1835, katika kumi la mwisho la Ramadhani ya 1250, waliinuka kudai uhuru. Siri ilikuwa imekwisha kuvuja, askari wakawavamia kabla ya saa waliyopanga. Wakatoka katika nyumba iliyokuwa mtaa wa jirani, Ladeira da Praça, baadhi wamevaa kanzu nyeupe, na mwendo wao wa kwanza ukawa jelani, kumtoa mwalimu. Hawakuweza. Usiku ule walipigana watu wapatao 600, wakashindwa kule chini ufukweni, Água de Meninos. Zaidi ya 70 walikufa.

Ndipo msako ulipoanza, na karatasi yenye herufi za Kiarabu ikawa ushahidi wa uasi. Licutan, aliyekuwa kifungoni usiku kucha, alihukumiwa viboko 1,200. Mbele ya hakimu alijitaja kwa jina la Bilal. Wanne walipigwa risasi, wengi wakafukuzwa nchini.

Baadhi ya karatasi zile zimehifadhiwa hadi leo katika nyaraka za serikali hapo Salvador. Zina aya za Qur'ani na dua. Nyingine ni mwandiko wa mwanafunzi anayeanza.