Kutolewa Kizazi: Sababu, Njia na Athari

Mwanamke wa Lipangalala anayefikishwa Hospitali ya Mtakatifu Francis, Ifakara, akivuja damu baada ya kujifungua, dawa zikishindwa, huenda akaokolewa kwa kuondolewa mfuko wa uzazi. Sababu nyingine, kama faibroidi, saratani na kushuka kwa kizazi, mara nyingi huacha nafasi ya kushauriana.

Daktari hupitia tumboni, ukeni au matundu madogo kwa kutumia kamera. Hatari zake ni kupoteza damu, maambukizi, damu kuganda mishipani na kujeruhiwa kwa kibofu au mirija ya mkojo.

Hedhi na uwezo wa kubeba mimba hukoma. Vifuko vya mayai vikiachwa, homoni huendelea kutengenezwa. Vikiondolewa vyote, ukomohedhi huanza mara moja. Kabla ya kutia saini ya ridhaa, mgonjwa aulize: vitabaki?