Kimbunga Kikipita, Tuanze na Maji

Mawingu ya masika yakianza kujikusanya hapa Tongogara, wengi wetu tunatazama kuta za nyumba. Tuna sababu. Usiku wa tarehe 14 Machi 2019 Kimbunga Idai kilipiga karibu na mji wa Beira, Msumbiji, kikaja mpaka huku mashariki ya Zimbabwe na mvua kubwa. Watu zaidi ya 1,000 walifariki Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Hapa kambini nyumba nyingi za matofali ya udongo zililowa zikaanguka, na vyoo vikabomoka.

Mimi nilikuwa bado mwanafunzi. Ukuta wetu ulianguka alfajiri, Mama akatutoa nje na blanketi moja. Mdogo wangu akauliza, "Sasa tutalala wapi?" Mama akajibu, "Kwanza tutafute maji ya kunywa." Nilishangaa, ati nyumba imeanguka, yeye anawaza ndoo! Leo nafundisha watoto, na naona alikuwa na haki.

Tazama Beira. Upepo ulipita usiku mmoja, lakini tarehe 27 Machi kipindupindu kikatangazwa, na wagonjwa wa Beira na wilaya za jirani wakazidi 6,000. Maji safi yalikosekana, vyoo vimeharibika. Chanjo ya kumeza ilianza kutolewa tarehe 3 Aprili. Kumbe hatari ya pili inakuja jua likiwa limeshawaka, watu wanasema tumepona.

Basi yakitupata tena, tufanye hivi:

Maji: hata yakionekana safi, yachemshe mpaka yatokote. Kuni zikikosekana, tia dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa, ngoja nusu saa. Ndoo ifunikwe.

Kuhara: lita moja ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Vijiko viwe sawasawa, visijae kilima. Mnyweshe mgonjwa kidogo kidogo huku mnampeleka zahanati. Msingoje kesho.

Choo: kikibomoka, majirani wachimbe shimo la muda pamoja, mbali na kisima. Kila mtu akitoka afunike kwa udongo, anawe mikono.

Nyumba: ukuta uliolowa unaweza kuanguka hata mvua ikiisha. Msilale karibu nao. Kabla ya kuokota matofali, gusa kwanza kwa fimbo, maana nyoka hujificha humo.

Karatasi: za ukimbizi na za shule zikae kwenye mfuko wa plastiki, mahali ambapo kila mtu wa nyumbani anapajua.

Watoto: wapo wanaolia wakisikia tu mvua juu ya bati. Jamani, tusiwacheke. Mpe mtoto kazi ndogo, mwache aseme alichokiona, mrudishe shuleni mapema. Sisi mwalimu alitukusanya chini ya mti, ubao mmoja, madaftari machache. Hatukujifunza mengi wiki ile, lakini tulicheka tena.

Nyumba yetu tuliijenga upya. Yule mdogo wangu amekuwa kijana, na mawingu yakifunga yeye ndiye wa kwanza kujaza ndoo bila kutumwa. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Jumamosi hii tuzungukie kuta zetu, kila familia imsaidie na jirani asiye na nguvu.

Mwalimu wenu wa kujitolea