JE, WAJUA KILICHOMO NDANI YA MTUNGI WAKO?

Ndugu msomaji, tazama maji yaliyomo mtungini mwako. Ni maangavu, hayana harufu, na ladha yake ni njema. Je, waweza kuapa kwamba ni salama? Jicho ni shahidi mwema wa mambo ya nje; ya ndani haliyajui.

Wataalamu wamelitafutia jicho msaada. Mwaka 1932 Mwingereza James Chadwick aligundua nyutroni, chembe ya ndani ya kiini cha atomu isiyo na chaji ya umeme. Eksirei, ambayo sote twaijua hospitalini, huzuiwa na risasi. Nyutroni huipenya risasi kwa urahisi, bali huzuiwa na haidrojeni iliyomo katika maji, mafuta na plastiki. Kwa hiyo picha ya nyutroni huweza kuonyesha maji yaliyofichika ndani ya chombo cha chuma. Zaidi ya hayo, elementi nyingi zikimeza nyutroni hutoa miale ya gama, kila moja kwa nguvu yake maalumu, mithili ya alama ya kidole cha mtu. Mwaka 1936 George de Hevesy na Hilde Levi walionyesha kwamba elementi huweza kutambuliwa kwa mionzi inayotolewa baada ya kumeza nyutroni.

Hapa Arusha elimu ya namna hii si ngeni. Njiro kuna maabara za Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Humo eksirei hutumika kutambua elementi zilizomo katika sampuli, na vyakula hupimwa mionzi.

Lakini usidhani kwamba ni lazima uwe na nyutroni ndipo uyajue maji yako. Miamba ya volkano ya Mlima Meru ina florini nyingi, nayo chemchemi na visima huiyeyusha ikawa floraidi. Kidogo chake huimarisha meno; kikizidi huyatia madoa ya kahawia, na kikizidi mno kwa miaka mingi huipinda mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mwaka 1974 viwango vya muda vya nchi yetu viliruhusu hadi miligramu 8, kwa kuwa maji yalikuwa adimu. Floraidi hupimwa kwa elektrodi, kifaa kinachotumbukizwa majini.

Yapasa mzazi ajue mambo matatu. Kwanza, kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua jikoni, floraidi huzidi kukolea. Pili, magadi ya kulainishia maharage mengine yana floraidi nyingi. Tatu, meno huharibika yangali yakiumbwa ndani ya ufizi, kwa hiyo anayehitaji ulinzi zaidi ni mtoto mdogo.

Dawa ipo. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeshughulikia uchujaji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao huinasa floraidi. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri nayo hayana floraidi nyingi.

Basi, ndugu msomaji, ikiwa wateka maji kisimani au kwenye chemchemi, uliza ofisi ya maji iliyo karibu nawe yamepimwa lini na yalikutwa na nini. Meno ya mtoto huota mara mbili tu; hayaoti mara ya tatu.