Simu ya Mwanafunzi Shuleni: Nani Ana Usemi, na Mzazi Afanyeje

Simu ya mwanafunzi ikichukuliwa shuleni, wazazi wengi hukimbilia kaunti kulalamika. Hata hivyo, katika elimu, Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya ufundi wa nyumbani na vya kulelea watoto. Shule za msingi na za upili ziko chini ya serikali ya kitaifa, na kanuni za nyingi kati yake, hasa za bweni, haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu.

Sababu ni muda. Ripoti ya UNESCO ya Julai 2023 ilisema mwanafunzi aliyevurugwa na simu anaweza kuchukua hadi dakika 20 kurejesha makini. Kipindi cha shule ya upili ni dakika 40. Ujumbe mmoja tu, nusu ya somo imekwenda.

Wasiwasi wa mzazi wa mwanafunzi wa kutwa nao ni wa kweli: atajuaje kama mtoto amefika? Shule ikikubali, mtoto anayetoka mbali anaweza kubeba kabambe, akaikabidhi afisini asubuhi na kuichukua jioni. Kwa dharura, mzazi apige simu ya shule, si ya mtoto darasani.

Shule inayochukua simu nayo iandike kwenye daftari: tarehe, aina ya simu, laini iliyomo, na sahihi ya mzazi siku ya kuirudisha. Kuivunja mbele ya gwaride huzua kesi tu. Kuhusu kufukuzwa, kifungu cha 35 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinataka njia nyingine za kurekebisha tabia zitumike kwanza, kisha mwanafunzi na mzazi wasikizwe.

Katika vyuo vya ufundi, ambako kaunti ndiyo yenye usemi, mambo ni tofauti. Wanafunzi wengi huko ni watu wazima. Simu ndiyo inayowapatia wateja, na fundi cherehani hupiga picha za mishono yake kwa simu hiyo hiyo. Kupiga marufuku kabisa hakutasaidia. Lakini anayekata chuma kwa mashine huku jicho likiwa kwenye WhatsApp anaweza kupoteza kidole. Sanduku lenye kufuli mlangoni mwa karakana linatosha, mradi mwalimu naye aweke yake humo.

Msimu wa mitihani hauna mjadala. Mtahiniwa wa KCSE akipatikana na simu katika chumba cha mtihani, matokeo yake yanaweza kufutwa. Karatasi zinazouzwa kwenye Telegram mara nyingi ni za ulaghai, na pesa zikishatumwa hazirudi. Mzazi wa mtahiniwa wa kutwa akague mkoba wa mwanawe kila asubuhi kabla hajatoka nyumbani.